Jua lote hili, taa ya nini?

Mgonjwa wa vitiligo, yale mabaka meupe ambayo wengi huyaita mbalanga, akishauriwa kutibiwa kwa mwanga, Unguja au Pemba swali huwa hilo.

Si swali la kipuuzi. Jua ni bure, na miale ya UVB, ile isiyoonekana kwa macho ambayo taa hiyo hutumia, imo ndani yake. Ila halipimiki: la saa tatu asubuhi si la saa saba mchana, na wingu moja likipita hesabu imeharibika. Wabaya zaidi ni wanaopaka ndimu kwanza. Maji ya ndimu yana soraleni, kemikali inayoamshwa na UVA, aina nyingine ya miale ya jua, na malengelenge hutokea baada ya siku moja au mbili.

Taa ya UVB yenye urefu wa wimbi wa nanomita 311 dozi yake huhesabika. Kwa vitiligo huanziwa milijuli 200 (kipimo cha nishati) kwa sentimita ya mraba, hata mtu awe mweusi vipi, kwani baka halina rangi ya kulikinga. Taa ikitoa miliwati 4 kwa sentimita hiyo ya mraba, yaani milijuli 4 kila sekunde, gawanya: sekunde 50. Ni mara mbili au tatu kwa wiki, siku zisifuatane, dozi ikipanda asilimia 10 hadi 20 mpaka baka liwe na wekundu hafifu unaokwisha ndani ya saa 24. Wekundu huo utafutwe kwenye baka. Pembeni, penye weusi, hujificha, hivyo mgonjwa aulizwe kama pamewasha au pameuma. Macho yavishwe miwani ya kuzuia UV, sehemu za siri zifunikwe. Mirija ya taa ikibadilishwa, nguvu ipimwe upya: mipya ni mikali kuliko iliyochakaa, na kwa sekunde zile zile mtu huungua. (Kwa aliyefunga Ramadhani, hapa hakuna kidonge cha kumeza.)

Taa nayo ina yake. Ngozi isiyo na baka nayo huzidi weusi, basi wiki za mwanzo baka huonekana jeupe kuliko jana, na wengi hukatia hapo. Uso hurudi rangi vizuri. Ncha za vidole mara nyingi hazirudi. Kisha safari: nani atoke Micheweni, kaskazini mwa Pemba, kwa boti kila wiki mara tatu? Akikosa siku 8 hadi 14, dozi ipunguzwe robo. 15 hadi 21, nusu. Zaidi ya hapo, aanze upya. Kwa huyo, mwenye mabaka machache, ningechagua taa ndogo ya mkononi nyumbani, akishafundishwa na daktari wa ngozi, na daftari la kuandika tarehe, sekunde na wekundu ulikaa saa ngapi.