Mpagazi wa sikukuu

Nimerudi jana usiku kutoka Kigoma. Msiniulize ziwa likoje. Nimekaa siku saba nzima, na Ziwa Tanganyika lote lile, lenye kina cha karibu mita 1,470, nimeliona kupitia kidirisha cha bafu la shemeji, tena nikiwa nimepanda juu ya ndoo.

Chanzo ni asali. Mke wangu alisema mwaka huu tukale Idi kwa ndugu zake, tukapumzike. Neno "tukapumzike" alilitamka yeye, mashahidi ninao. Habari ikavuja mtaani kwetu Tabora, na kufika magharibi pale sebuleni palikuwa na madumu manne ya asali. Moja letu, matatu ya majirani ambao sikuwahi kujua kama wana ndugu Kigoma. "Jirani, si unakwenda mikono mitupu?" Mikono mitupu! Nina begi, nina mke, nina gunia la karanga, nina kuku hai ambaye mpaka leo sijui nani alimleta.

Babu zetu Wanyamwezi walisifika kwa upagazi. Misafara ya kutoka Tabora kwenda Ujiji ilipita juu ya mabega yao. Lakini wale jamani walilipwa. Mimi nauli nimelipa mwenyewe.

Kabla hatujafika Kaliua dumu moja likaanza kuvuja. Sikusema kitu. Nilitazama nje kama mtu anayehesabu miti. Baada ya Nguruka mzee wa siti ya nyuma akaniambia kwa upole, "Kijana, kandambili yangu imegoma kutoka sakafuni." Tukasaidiana kuivuta mpaka Uvinza.

Basi, Ujiji. Mnajua Stanley naye alitoka huku kwetu Tabora mwaka 1871 akaenda Ujiji kumtafuta Livingstone. Watu wanamsifu sana. Mimi nauliza, kazi yake ilikuwa nini? Kumkuta mtu mmoja tu, tena Mzungu mwenzake, akamsalimia, yakaisha! Mimi kwa shangazi yake mke wangu nilikuta watu arobaini na wanne uani, na kila mmoja ananiuliza, "Mimi unanikumbuka?" Ukisema ndiyo, "Haya, nani?" Ukisema hapana, kuna mama mmoja anavua miwani na kufuta machozi.

Halafu chakula. Siwezi kulaumu chakula cha Kigoma, mdomo utapinda. Samaki wa ziwani: migebuka ya kukaanga, kuhe ndani ya mawese, mchuzi una rangi ya jua la saa kumi na mbili jioni. Tatizo si chakula, tatizo ni nyumba. Idi mosi peke yake tuliingia nyumba sita, na pilau sita. Nyumba ya nne nikasema nimeshiba. Shemeji akanitazama kama nimemtukana marehemu baba yake. "Kwa kaka yangu umekula, kwangu unashiba?" Nikajitetea kwamba nina kisukari. Wakanong'onezana jikoni, wakaniletea pilau ya mgonjwa wa kisukari. Ni pilau ileile, ila imewekwa kwenye sahani ndogo. Sahani ndogo tatu.

Na watoto? Nilijiandaa, nikavunja noti nikapata sarafu za mia tano ishirini. Mkono wa Idi nikaugawa vizuri tu, mpaka nikagundua kuna mtoto mmoja amepita mara tatu: mara ya kwanza ana kofia, ya pili hana, ya tatu amevaa hijabu ya dada yake. Nilimpa. Kwa ubunifu ule atakuja kuwa waziri, sitaki aniweke kwenye orodha.

Ziwa sasa. Kila asubuhi nilikunja suruali tayari kwenda kutia miguu majini. Jumanne ikaonekana kuna wazee Mwandiga hawajaamkiwa. Jumatano kuna binamu Katubuka kajifungua. Alhamisi nikatoroka. Nikapanda bodaboda mpaka Kibirizi, upepo wa ziwa unanipiga kifuani, mawimbi nayasikia kabisa. Simu ikalia, mke wangu.

"Baba, uko wapi?"

"Kibirizi mara moja."

"Alhamdulillahi! Hapo hapo penye dagaa. Chukua kalamu."

Wote walioleta madumu walikuwa na maagizo. Na ilikuwa giza la mwezi, wavuvi wanawasha taa usiku, dagaa wamejaa tele, kwa hiyo hata kisingizio cha bei sikuwa nacho. Wavuvi wangeadimika kama mwezi ungekuwa mpevu, lakini Idi el-Fitri haiandami na mwezi mpevu. Nikashinda pale nikibishana na mama mmoja juu ya dagaa wa kichanja na dagaa wa mchangani. Kila dagaa ninayemshika, mama ananiapia, "Huyu kakaukia kichanjani, baba, mtafune." Nilitafuna dagaa wakavu bila kupikwa mpaka ulimi ukawa kama jamvi. Nilipomaliza jua limezama, mgongoni nina magunia mawili, na ziwa liko hatua thelathini kutoka niliposimama. Dereva wa bodaboda akasema, "Mzee, ukitua mzigo huo mimi naondoka."

Kurudi sielezi. Jueni tu kwamba palikuwa na ndoo ya mawese, kwamba mfuniko haukuwa wake, na kwamba ile kanzu yangu nyeupe ya Idi sasa mke wangu anaiita ya rangi ya machungwa.

Leo alfajiri, sijanawa uso, jirani wa dumu la pili kabisha hodi. Kafungua mfuko wake, kachukua dagaa mmoja, kamtafuna taratibu, katema.

"Hawa wana mchanga," akasema. "Wiki nzima huko ziwani ulikuwa unaangalia nini?"