Prodyuza wa andagraundi Kampala: jina liko Ulaya, hela iko wapi?

Kuna ubishi hapa Kampala hauishi, kaa na watu wa muziki kidogo tu utausikia. Wengine wanasema hawa maprodyuza wa andagraundi, wa elektroniki na hip hop ile ngumu, wamejipoteza wenyewe, maana wanatengeneza muziki ambao ukiupiga Kabalagala, mtaa wa starehe hapa mjini, watu wanarudi kwenye viti vyao, ila Berlin wanaupangia foleni. Wengine wanajibu kwamba bila hiyo njia hao vijana mpaka leo wangekuwa wanawatengenezea watu biti na hakuna ambaye angewajua. Mimi naona wote wana haki yao, ila kuna kitu wote wanakiruka, ntakifikia.

Kwanza mjue prodyuza wa kawaida wa hapa anaishije. Msanii anaingia studio na kiitikio kichwani, hana kingine, prodyuza anakesha naye, anatengeneza biti, anarekodi, anamiksi, Yaka (umeme wa kulipia kabla) ikiisha saa nane usiku ni yeye tena anatafuta hela kwenye simu anunue yuniti, na mwisho analipwa mara moja basi, kama analipwa, maana wengi ni wale wa "bro ntakutoa ngoma ikishika". Sasa ngoma ishike kweli. Shoo ni za msanii, hela ya miito ya simu ni ya msanii na meneja wake, prodyuza anabaki na zile sekunde mbili za mwanzo wa wimbo anapotajwa jina. Sheria ya hakimiliki tunayo tangu 2006, UPRS, chama cha haki za wanamuziki, ipo ya kukusanya mirabaha, lakini kama biti uliiuza kwa mdomo na hakuna karatasi inayosema wewe ni mtunzi mwenza, utaenda kudai na nini?

Ndo maana mimi siwezi kudharau kilichotokea hapa miaka hii ya karibuni. Tamasha la Nyege Nyege lilianza Jinja 2015, baadae ikaja lebo ya Nyege Nyege Tapes, na 2018 ikazaliwa lebo ya Hakuna Kulala ambayo imeelekea zaidi kwenye muziki wa klabu na rap ngumu. Hapo jina kubwa kwenye kava likawa la prodyuza mwenyewe. Don Zilla, Rey Sapienz aliyetoka Kongo, Chrisman naye wa Kongo, Slikback aliyekuja kutoka Nairobi na kutoa rekodi za Lasakaneku 2018 na Tomo 2019 kupitia lebo ya hapa hapa. Hao hawakai nyuma ya kioo kumsubiri mtu aimbe, shoo ni wao. Hata kwenye rap, albamu ya Kubali ya 2019 imeandikwa MC Yallah na Debmaster, mchanaji na mwenye biti wote wawili mbele, kitu ambacho kwa wasanii wa redio huku sijazoea kukiona.

Alafu kuna Brian Bamanya, anajiita Afrorack. Zile sinthesaiza za moduli, vyombo vya kutengeneza sauti kwa umeme vinavyoungwa kipande kwa kipande, bei zake hazishikiki, basi jamaa akajifunza mtandaoni, akazunguka maduka ya spea za elektroniki hapa mjini na akaunda yake. Ukiuona ule mtambo ni ubao umejaa vitufe na matundu, nyaya za rangi zinaning'inia kila upande, hauna kibodi kabisa, unachomeka waya kutoka tundu hili kwenda lile sauti inabadilika, inaanza kugonga, inalia, unachomoa inakufa. 2022 akatoa albamu nzima kutokana na hiyo kazi. Niambieni ni msanii gani wa kwenye chati angemlipa mtu miezi na miezi ya kuchomelea saketi? Hakuna. Uhuru wa namna hiyo umetoka andagraundi tu, na kwangu hilo peke yake ni jambo la kulilinda.

Lakini upande wa pili nao wanasema kweli, na inauma. Hela ya kazi hii kwa sehemu kubwa iko kwenye shoo za nje. Machi 2020 baa na kumbi zikafungwa huku hadi Januari 2022, mipaka nayo ikafungwa, sasa mtu ambaye kula yake inatoka kwenye matamasha ya Ulaya anafanya nini karibu miaka miwili? Hata sasa viza ya Schengen tangu Juni 2024 ni euro 90, ukinyimwa hurudishiwi, na tamasha halikusubiri, wanamweka mwingine kwenye nafasi yako. Jukwaa la nyumbani nalo linatikisika kila mara. 2018 waziri wa maadili Simon Lokodo alitaka kulizuia tamasha la Jinja, 2022 bunge nalo likasema lisifanyike, mpaka serikali ikaruhusu kwa masharti. Kazi ya mtu kuning'inia kwenye barua ya waziri si kazi ya kupangia maisha.

Na kuna hili la masikio. Anayenunua yuko mbali, na yule aliye mbali ana anachokitaka, kasi, makelele, giza. Kijana wa Katwe mwenye biti laini za taratibu hana lebo ya kumtazama, ila hilo mashabiki wa andagraundi hawapendi kulisema.

Sasa kile wanachokiruka ni Gulu, mji wa Waacholi kaskazini mwa Uganda. Watu wanaongea kana kwamba elektroniki ililetwa na wageni, wakati Waacholi walikuwa wanaicheza kwenye harusi zao kitambo. Vita vilifukarisha watu, kuita kikundi kizima cha wapigaji na wachezaji kwenye harusi ikawa gharama, basi Leo Palayeng akazichukua zile ngoma za larakaraka akazipanga kwenye kompyuta, Otim Alpha anaimba, na watu wakacheza vilevile hadi asubuhi. Ulaya ilikuja kusikia baadae sana, albamu ya Gulu City Anthems imetoka 2017 na mle ndani kuna kazi zilizokuwa zimeshachezwa miaka nyuma. Dar es Salaam pia, singeli ya studio ya Sisso kule Mburahati ilikuwa na watu wake mtaani kabla haijapanda ndege yoyote. Hao walikuwa na mteja nyumbani, bibi harusi, mwenye shughuli, mtu wa kulipa na kurudi tena.

Kwa hiyo mimi niko na andagraundi, simwambii yeyote arudi kutengeneza biti za redio kama hataki. Ninachokidai ni Kampala yenyewe ipate shoo ndogo za kila mwezi, Nsambya, Katwe, Ndejje, kwa kiingilio ambacho kijana wa boda anakiweza, na hao hao wanaojaza kumbi za Berlin wapige huku pia, sio lazima tusubiri tamasha la mara moja kwa mwaka. Na vijana mnaoanza, mkataba wa lebo ukija muulize rekodi inakuwa yao miaka mingapi na mafaili ya projekti, yale ya biti kwenye kompyuta, anabaki nayo nani, muulize kabla ya kusaini, na jibu liwe kwenye karatasi.