Mzee, Chenji Sina

Nipo tayari kwenda polisi, ila sijui huyu kijana muuza sigara nitamshitaki kwa kosa gani. Kunyima mtu chenji si kosa nchi hii. Lingekuwa kosa, makonda wote wa Dar wangekuwa gereza la Keko.

Leo ni siku ya 11 tangu niache fegi, yaani sigara. Nasema kuacha, sio kupunguza. Kupunguza nilishapunguza mara sita, na kila nikipunguza pakiti inaisha mapema zaidi. Safari hii nilitangaza kijiweni mbele ya mashahidi, kikombe cha kahawa mkononi, wajumbe wakapiga makofi. Wajumbe hao hao ndio wanaonipulizia moshi usoni kila jioni, halafu wanauliza, "Vipi, arosto ya fegi imekushika?" Imenishika wapi, imenikumbatia.

Nesi wa zahanati, binti mstaarabu, aliniambia hamu ikija niisubiri, dakika tatu mpaka tano inapita yenyewe. Kweli inapita. Ila hakuniambia kwamba inapita kama daladala: hii ikiondoka, nyingine iko nyuma yake inapiga honi. Akasema siku tatu za mwanzo ndizo ngumu, nikivuka hapo mambo yatalainika. Siku ya tatu niligombana na feni. Feni ya mezani, imekaa zake, inageuka kushoto, inageuka kulia, mimi naona inanikatalia kitu ambacho hata sijaiomba.

Karanga nimetafuna mpaka nikiona debe la karanga nasikia aibu. Maji nakunywa kama nimetoka jangwani, usiku naamka mara nne. Suruali ya kazini haifungi.

Sasa huyu kijana. Asubuhi nipo Rangi Tatu nasubiri gari, na hali ya pale saa 12 na nusu mnaijua. Nikasikia sarafu: chaka chaka, chaka chaka. Mtu asiyevuta akisikia mlio ule anasikia sarafu. Mimi mapafu yote mawili yalisimama, kama darasa mwalimu akiingia. Huyo anakuja na kisanduku chake: fegi nyuma, pipi na Big G za kutafuna mbele, kiberiti cha gesi kimefungwa kamba pembeni kama mbuzi.

"Shikamoo mzee wangu! Umepotea, nikajua umefiwa."

"Marahaba. Nimeacha."

"Umeacha kazi?"

"Nimeacha sigara."

Akashusha kisanduku. Akanishika mkono kwa mikono miwili, ile ya msibani. "Pole sana mzee. Hospitali wamesemaje?"

Nikamwambia siumwi, nimeamua tu mwenyewe kwa akili zangu timamu. Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayeheshimu siri ya mgonjwa. Nikaona nimalize kiutu uzima. Nikatoa noti ya 2,000, nikamwambia anipe pipi kifua mbili, shilingi 200, anirudishie changu.

Akajipapasa mifuko yote. "Mzee, chenji sina."

Jamani. Mtu kutwa nzima anatikisa sarafu! Mtaa mzima tunamtambua kwa sarafu! Nikamuuliza, na hizo mkononi?

"Hizi za kupigia, mzee. Nikikupa hizi, mimi nitatembeaje? Kimya?"

Hapo nilikosa jibu, nikiri. Akanipa elfu moja. Zile mia nane akanihesabia kiganjani: fegi mbili za mia tatu mia tatu, na Big G mbili za kuondolea harufu. Nikamwambia kijana, mimi NIMEACHA. Akasema sio lazima nivute, niziweke tu, ni kama hela.

Kabla sijafungua mdomo gari likaingia. Mnajua gari likiingia Rangi Tatu hakuna mjadala. Nikabebwa. Nilipokuja kutulia nimesimama mguu mmoja, bomba nimelishika kwa mkono wa kulia, na mkono wa kushoto uko juu ya vichwa vya watu na fegi mbili zimesimama kama mishumaa ya Krismasi.

"Mzee zima sigara!" Konda huyo.

Nikasema haijawashwa. Nani anasikia? Mama mwenye mtoto keshamfunika mtoto kanga usoni. Mwingine akaanza kukohoa, anakohoa moshi ambao haupo! Nyuma kijana wa tai akatoa hotuba, kwamba kuna sheria ya bidhaa za tumbaku ya mwaka 2003, vyombo vya abiria hairuhusiwi, na watu wazima ndio tungekuwa mfano. Nikageuka nimjibu, macho yakagongana na mjumbe mmoja wa kijiweni, yule aliyepiga makofi kuliko wote. Hakusema kitu. Alitoa simu.

Nikazifinya zile fegi mkononi, zikavunjika. Tumbaku ikamwagika kwenye shati, kwenye mkono wa saa, chini ya kucha. Ndugu zangu, mimi mtu mzima, nimesimama kwenye daladala nimekunja ngumi puani kama ninayewaza jambo zito la taifa, nanusa vidole mpaka Mtoni kwa Aziz Ally.

Na ile harufu haikunipeleka kwenye fegi, ilinipeleka kwetu Urambo, Tabora, kwenye mashamba ya tumbaku. Mimi mtoto wa tumbaku. Nimelala pembeni ya bani, banda la kukaushia tumbaku, nikichochea kuni usiku majani yakauke, asubuhi naingia darasani nanuka vile vile. Ada yangu yote imelipwa na tumbaku. Nilipoanza kuvuta nilijiona narudisha mkopo. Na nimerudisha! Miaka 22, kila Juni nakaa redioni bajeti ikisomwa, nikisubiri kusikia ushuru safari hii umenikamata wapi. Sasa naachana nayo kwa heshima, inanifuata mpaka kwenye chenji. Nifanye nini? Niambieni, nifanye nini!

Nyumbani nako Mama Neema kapiga hesabu. Fegi kumi kwa siku ni elfu tatu, siku 11 ni elfu 33, anauliza ziko wapi. Swali zuri. Na mimi nazitafuta. Nikamwonyesha maganda ya pipi.

Tena kuna hili la pua. Walisema ukiacha, pua inarudi kazini, nikadhani nitanusa maua. Nanusa kwapa za watu. Nanusa dagaa wa nyumba ya tatu wakiwa bado kwenye mfuko. Juzi nikarudi jioni nikasikia uvundo pale mlangoni, nikasema leo choo kimepasuka, nikampigia mwenye nyumba, nikafoka, nikamtisha mpaka kwa mwenyekiti wa mtaa. Mama Neema ametulia anachambua mchele. Akaniambia uvundo huo upo tangu tulipohamia 2011. Alidhani najua.