Udogo wa mbwa wa Pomerania: raha ya nani, mzigo wa nani?

Wanaompenda mbwa wa Pomerania humsifia udogo, na wasiompenda humlaumu kwa udogo huohuo. Wa kwanza watakuambia anakaa chumba kimoja bila kubanwa, hali chakula kingi, tena anabebeka kwa mkono mmoja. Wa pili watasema ni mbwa wa pambo: kelele nyingi na maradhi tangu kuzaliwa. Kinachosahaulika ni kwamba udogo huu ulitengenezwa na watu, tena si zamani sana. Hapo ndipo swali lilipo: ulipaswa kuishia wapi?

Chimbuko la jina lake ni Pomerania, ukanda wa pwani ya kusini ya Bahari ya Baltiki ambao leo umegawanyika kati ya Ujerumani na Poland. Ni wa jamii ya spitz, mbwa wa nchi za baridi wenye masikio yaliyosimama, pua iliyochongoka, mkia uliojikunja juu ya mgongo na manyoya ya tabaka mbili. Karne ya 18, Malkia Charlotte, mke wa Mfalme George III, alikuwa nao Uingereza. Wale aliowachora Thomas Gainsborough zama hizo si wa kupakata hata kidogo. Ni mbwa wa kimo cha kutosha. Mwaka 1888 Malkia Victoria alikwenda Florence, Italia, akarudi na mmoja aitwaye Marco, mwenye uzito wa kilo 5 na ushee. Kilichopendwa na malkia kikapendwa na wengi, wazalishaji wakazidi kuoanisha wadogo kwa wadogo. Leo kipimo rasmi cha Marekani ni kilo 1.4 hadi 3.2. Kwa kipimo hicho, Marco aliyesifiwa kwa udogo angehesabiwa mkubwa kupita kiasi kwenye maonyesho.

Je, kupunguzwa huko kumemharibu? Wanaomtetea wana hoja nzito: mbwa huyu kwa kawaida huishi miaka 12 hadi 16, ilhali baadhi ya mbwa wakubwa sana hata 10 hawafiki. Anayesema kila mbwa mdogo ni mgonjwa anakosea.

Lakini magoti yake hayadanganyi. Mtazame anapokimbia: ghafla anakunja mguu mmoja wa nyuma, anaruka hatua mbili tatu kwa mitatu iliyobaki, anaunyoosha, anaendelea kama kwamba hakuna lililotokea. Wenye nyumba hucheka, wakidhani ni mbwembwe. Mara nyingi ni pia ya goti iliyoteguka na kurudi mahali pake, na ikiachwa miaka kadhaa huweza kula gegedu la goti. Kuna na bomba la hewa, ambalo kuta zake zaweza kulegea. Ukimfunga kamba shingoni naye akavuta, hutoa kikohozi kikavu kama mlio wa bata bukini. Mkanda wa kifuani ndio unaomfaa. Meno nayo yamesongamana kwenye taya dogo, hivyo huoza na kung'oka mapema yasipopigwa mswaki.

Hayo yote mfugaji makini anayamudu. Nisichoweza kukitetea ni mbio za kushuka chini ya kipimo, wale wanaotangazwa kuwa wanaenea kwenye kikombe cha chai. Hakuna chama kikubwa cha mbwa kinachowatambua kuwa aina ya pekee. Baadhi yao utosi haufungi. Wengine, wakikosa mlo mmoja tu, sukari hushuka, wakalegea na kutetemeka mpaka kuzimia. Muuzaji hulaumiwa, na anastahili, ila mnunuzi ndiye anayelipa zaidi kadiri mbwa anavyopungua.

Kuhusu tabia, wanaolalamika hawasemi uongo: anabweka. Mlango ukigongwa, jirani akipita, jani likianguka. Ulinzi umo katika damu ya spitz, na anayetaka nyumba tulivu atafute mbwa mwingine. Hata hivyo sehemu kubwa ya ukorofi wake ni malezi. Mbwa mkubwa akimngurumia mgeni, siku ya pili anatafutiwa mkufunzi. Huyu mdogo akifanya hivyohivyo anabebwa, anabusiwa, anapigwa picha. Ana akili nyepesi, kwa hiyo anajifunza upesi kwamba kelele humpandisha kifuani. Ana akili hiyohiyo ya kujifunza kunyamaza, akianza kufundishwa akiwa mchanga na kuzoeshwa watu na mbwa wengine.

Mabishano ya manyoya nayo yana sura hiyohiyo ya kumfanya mwanasesere. Wapo wanaomnyoa kabisa kwa kumhurumia joto, na wapo wanaotaka afanane na dubu wa kuchezea. Hoja ya joto ina uzito, kwani kweli hulemewa upesi, lakini tiba yake ni kivuli, maji na matembezi ya asubuhi au jioni. Tabaka la nje humkinga ngozi dhidi ya jua. Kinachomchosha ni mafundo, hasa nyuma ya masikio na kwapani, ambako brashi ya juujuu haifiki. Inabidi kupangua manyoya na kuchana toka kwenye ngozi, mara kadhaa kwa wiki. Mkasi wa kusawazisha ncha hauna ubaya. Mashine ndiyo ya kuogopwa: wapo walionyolewa mara moja tu, manyoya yakachukua mwaka na zaidi kurudi, na wapo ambao hadi wanakufa walibaki na mabaka.