Kinyama alichokatwa mjomba kilienda wapi?

Mjomba wangu wa Makorora, Tanga, alihangaika karibu mwaka mzima na choo chenye damu, kila mtu anamwambia ni bawasiri, akanywa mizizi wee mpaka akachoka, alipokuja kupasuliwa ndo tukaambiwa kansa ya utumbo mpana. Hela tukachangishana kwenye grupu la ukoo, tukalipa. Ila kile kinyama alichokatwa, kila tukienda pale hospitali kufuatilia wanasema majibu bado, majibu bado, mwisho wakasema hawakioni.

Hii kitu inaniuma sana, kwa sababu kinyama ndo kinachosema mgonjwa anaelekea wapi. Toka 1932 daktari mmoja, Dukes, kule London alionyesha kwamba cha kuangalia ni kansa imepenya kiasi gani na kama imefika kwenye tezi za limfu zilizo karibu na utumbo, na mpaka leo huo ndo msingi, inatakiwa zipimwe tezi zisizopungua 12.

Halafu kuna habari ya mishipa ya damu. 1971 daktari wa Marekani, Judah Folkman, alisema uvimbe hauwezi kuzidi milimita moja au mbili bila kujitengenezea mishipa yake, yani ni kama mtu anajenga kibanda halafu usiku anajivutia bomba kutoka laini kubwa ya mtaa. Uvimbe unatoa protini inaitwa VEGF, mishipa inachipua kuufuata. Maabara wakitumia alama ya CD34 mishipa inaonekana, wanaihesabu, na tafiti nyingi (sio zote) ziliona wenye mishipa mingi kansa inawarudia zaidi. Dawa ya kuizuia VEGF, bevasizumabu, Marekani waliipitisha 2004 kwa kansa ya utumbo iliyosambaa.

Sasa mi sidai kila mgonjwa wa Tanga ahesabiwe mishipa, kwanza huyu akihesabu anapata hivi na yule anapata vile, ndo maana hata huko kwa wenzetu haijawa kipimo cha kila siku. Nachodai ni karatasi iseme tezi ngapi zimepimwa, na kansa imeingia ndani ya mishipa au haijaingia, basi, hilo linaonekana kwa darubini ya kawaida. Na pakiwezekana wapime zile protini nne zinazosahihisha makosa ya vinasaba, MLH1, MSH2, MSH6 na PMS2, maana zikikosekana mara nyingine ni tatizo la kurithi na linawahusu ndugu wa damu pia.

Mama yangu ni dada yake mjomba, tumbo moja.

Kwa hiyo jamani ukiwa na mgonjwa, kabla hajaingia tiyeta uliza kinyama kitawekwa kwenye formalini (dawa ya kukihifadhi kisioze) na nani, kinaenda maabara ipi, risiti anashika nani. Kikishagandishwa kwenye nta kinakaa miaka, kinaweza kupimwa tena. Sisi saa hizi tunamtafutia mama kipimo cha kamera Dar, na daktari akiuliza majibu ya kaka yake hatuna hata karatasi moja ya kumwonyesha.