Jirani yangu kanunua bastola

Juzi barazani Ngamiani, hapa Tanga, kahawa haijafika kikombe cha pili, jirani yangu akainua shati. Bastola. Kibali anacho, sina neno. Sababu? "Watu wa siku hizi wabaya." Mwenyewe hajawahi kuibiwa hata ndala, ni mtungi wa gesi wa nyumba ya pili ulioibwa Ramadhani.

Kisha akatuhadithia, huku anacheka, kuwa mpwa wake alifika na basi la usiku kutoka Dar, simu imezima, akaruka ukuta asisumbue watu. Mjomba akamlenga dirishani. Kilichomwokoa kijana ni kukohoa. Ana pumu, na mjomba anakijua kile kikohozi. Watu wakacheka. Mimi kashata ilinikwama. Kwa hiyo ukiwa na kifua kizima, ndiyo basi tena?

Sisi tumekulia kwenye hodi. Unapiga ya kwanza, ya pili, ya tatu, usipoitikiwa unarudi zako. Wa ndani anauliza "nani?", wa nje anajitaja, na kwa sauti tu ushamjua. Mwenye hofu hana subira hiyo. Mpe bastola, na "nani?" ataiuliza maiti.

Marekani bunduki za raia ni nyingi kuliko raia wenyewe, na wenye nazo wengi wanasema ni za kujilinda. Mwaka 2021 risasi ziliua huko watu zaidi ya 48,000. Zaidi ya nusu walijiua wenyewe. Mwizi aliyengojewa hakuja. Bastola ikabaki chumbani na mtu aliyechoka na dunia.

Haya, mkulima wa Handeni anayekesha na nguruwe pori simwambii ashike manati. Na hofu yetu Tanga haikuzuka hewani: Amboni 2015, askari walipopambana na watu wenye silaha kule mapangoni, hatujaisahau. Lakini miongoni mwa silaha zilizosakwa kule zilikuwemo zilizoporwa kwa polisi. Askari aliyefunzwa kanyang'anywa, sembuse huyu wetu anayelala nayo chini ya mto, nyumba ina watoto wanne!

Jana mke wangu kanituma nirudishe sinia lao. Saa mbili usiku, umeme umekatika. Nikapiga hodi getini, kimya. Nikapiga ya pili, nikajikohoza kidogo. Ndani nikasikia kitu kimegongwa. Ya tatu sikuipiga. Sinia lao liko hapa jikoni mpaka sasa.