Ndiyo, King'ora Kilikuwa Changu

Sawa, video mmeiona, ile ya gari langu linasukumwa kutoka melini huku king'ora kinalia. Mpaka leo asubuhi nimetumiwa na watu kumi na mmoja, akiwemo mwenye nyumba wangu ambaye kwa kawaida hunikumbuka tarehe moja tu. Na kwa kuwa yule rafiki yangu (mnamjua, naye anajijua) ameisambaza na maneno kwamba "fundi kasukuma gari bega kwa bega na mama mkwe hadi kashikwa obuko", imebidi niseme mwenyewe. Mama mkwe hakusukuma gari. Mengine mliyoyaona kwenye video ni kweli. (Obuko, kwa wasio Waganda, ni ule mtetemeko unaosemwa humpata anayemkaribia mkwe wake kupita mipaka.)

Chanzo ni mke wangu. Aliona picha za zile meli za Marekani zenye mabwawa ya kuogelea juu ya ghorofa, akauliza kwa nini watu wengine wanasafiri na meli kama familia, sisi kila Idi ni Bombo kwa ndugu zangu na kurudi. Nikamwambia meli ipo. Iko Nakiwogo, hapo Entebbe, inaondoka saa nane mchana, na kufikia saa kumi na moja na nusu hivi mko Lutoboka, kisiwa cha Bugala. Ni ndogo, ya zamani, na haina bwawa. Bwawa ni Ziwa Viktoria lenyewe.

Kwa wageni wa ukurasa huu: kazi yangu ni kufunga alamu za magari, Ndeeba hapa Kampala, huu mwaka wa kumi na mbili. Hilo lishikeni, mtalihitaji.

Tulikuwa sita kwenye gari la viti saba. Mbele mimi na mke, katikati watoto watatu kama mpaka wa nchi, nyuma kabisa mama mkwe na kapu lake. Waganda mnaelewa kwa nini kapangwa hivyo. Mimi Mnubi, lakini kwenye mambo ya obuko sijaribu bahati.

Bisibisi sikubeba hata moja. Mke alisema, "Baba watoto, hii ni likizo. Mkoba wa spana unabaki nyumbani." Nikauacha. Ndani ya mkoba huo kulikuwa na kifunguo kidogo cha chuma, urefu wa nusu kidole. Hicho nacho kishikeni.

Nakiwogo tulifika saa nne, maana nafasi za magari ni chache mno na anayechelewa analiacha gari lake ng'ambo. Sasa hapo nikajifanya mjanja. Meli ina mlango mmoja wa daraja, kwa hiyo wa kwanza kuingia ndiye wa mwisho kutoka. Nikawapisha wenzangu kwa adabu kubwa, "Tangulia ssebo, tangulia nnyabo," mpaka nikabaki wa mwisho, nikaingia kinyumenyume, pua ya gari ikiutazama mlango. Lutoboka nitakuwa wa kwanza kushuka, wao wakinitazama taa za nyuma. Mke alinisifu. Nataka mkumbuke kwamba kuna wakati siku ile nilisifiwa.

Baharia akaja na kabari zake, akazigonga kwenye matairi, akatupa maagizo kama anayeyasema kila siku: breki ya mkono vuta, gia acha P, vioo funga, alamu usiwashe. Nilimsikia vizuri. Nilitikisa kichwa kabisa, kile kichwa cha mtaalamu anayeambiwa jambo analolijua. Kisha nikafunga mlango, na dole gumba langu, ambalo limebonyeza rimoti miaka kumi na mbili bila kuniomba ruhusa, likabonyeza. Twit. Sikulisikia mwenyewe. Je, wewe unasikia unavyopumua?

Tukapanda juu kwenye mabenchi. Injini ikawashwa, chuma chote kikatetemeka mpaka karanga zikacheza kwenye sahani ya muuzaji. Na kule chini kitu kikaanza: wiu-wiu-wiu, tii-tii-tii, halafu ile sauti ya bata aliyekanyagwa.

Mtauliza ilikuwaje fundi asitambue king'ora chake. Swali la haki. Hicho ni king'ora cha sauti sita, kinakuja kwenye makatoni, mafundi wote mjini tunanunua kilekile. Mimi peke yangu nimekifunga kwenye magari yasiyohesabika. Kukisikia Kampala ni kama kusikia jogoo. Nani anasema, "Huyo ni wangu"?

Basi ikaenda hivyo. Kinalia sekunde 30, kinapumua, wimbi linapiga, kinaamka. Watoto wakataka waone mstari wa Ikweta, kwa kuwa Nakiwogo iko kaskazini ya Ikweta na Lutoboka iko kusini, na niliwaahidi tutauvuka majini. Hata saa moja haijapita nikawaonyesha sehemu ya maji nikasema ndiyo hapo. Wa mwisho akauliza mbona hauonekani. Nikasema umelowa. Chini: tii-tii-tii.

Hapo mzee mmoja aliyekaa na gazeti akashusha pumzi, akasema, hakumwambia mtu maalumu, "Hivi hiki kitu kitanyamaza lini?"

Angenyamaza yeye, leo ningekuwa mtu na heshima zangu. Lakini swali lilikuwa la kifundi, na mimi ni fundi. Nikasimama. Hakuna aliyeniambia nisimame.

Nikawaeleza abiria, kwa sauti ya kushinda injini, kwamba chini ya dashibodi kuna sensa ya mtikisiko, kiboksi kama kiberiti, chenye skrubu ndogo. Ukiizungusha upande mmoja, gari halisikii mpaka upige tairi teke. Ukiizungusha mwingine, paka akitua kwenye boneti linapiga yowe. "Mwenye gari hili," nikasema, "kaizungusha mpaka mwisho. Halafu kaleta kwenye chombo kinachotetemeka saa tatu na nusu." Watu wakaguna. Nikaongeza kwamba alamu nyingi, ukishafunga, ukibonyeza tena palepale sensa inalala, milango tu ndiyo inabaki na ulinzi. "Sekunde moja! Lakini mtu kama huyu atajulia wapi?"

(Sensa yangu nimeizungusha mpaka mwisho kwa sababu mtaani kwetu wanang'oa vioo vya pembeni. Endeleeni.)

Nikaona wananisikiliza. Mama mmoja alimnyamazisha mtoto anisikie. Basi nikaingia kwenye hesabu. King'ora kikilia na taa za indiketa zinamweka. Ukihesabu zile nne kubwa, kila moja wati 21, jumla ni 84. Gawa kwa volti 12, ni ampea 7. Zinawaka na kuzima, kwa hiyo chukua nusu, 3.5. King'ora chenyewe kipe ampea 1. Jumla 4.5. Mara saa tatu na nusu, unakaribia ampea-saa 16. "Betri mpya ya 45 inavumilia," nikasema, "lakini mtu asiyejali sensa hawezi kuwa na betri mpya."

Wakacheka. Walicheka sana. Mzee wa gazeti alinipa ndizi. Mke wangu aliniangalia kwa jicho ambalo sijaliona tangu harusi.

Betri yangu ina miaka minne. Nawaambia nyinyi tu.

Yule rafiki yangu, tuliyekutana naye humo melini kwa mkosi, ndipo alipotoa simu akaanza kurekodi, kwa nia njema, anasema, apate kitu cha kunitangazia biashara.

Visiwa vilipoanza kukaribia, mlio ukabadilika. Hakuna tena kupumua, ni mmoja tu, mwembamba, hauishi. Abiria wote wakanigeukia. Nikainua kidole kama daktari anayetoka chumba cha wagonjwa.

"Betri imekufa," nikasema. "Mnachosikia sasa ni betri ndogo iliyo ndani ya king'ora chenyewe. Imewekwa ili mwizi akikata waya wa betri kubwa, kelele isikatike. Hiyo hainyamazi kwa rimoti, ina kifunguo chake kidogo cha chuma. Na hilo gari, wazee wangu, Lutoboka haliwaki. Nawaonea huruma walio nyuma yake."

Vicheko. Makofi, jamani. Kulikuwa na makofi.

Baharia akatokea kwenye ngazi. Alikuwa ameandika kitu kiganjani kwa kalamu ya wino, jasho limekifuta kidogo, kwa hiyo alikuwa anasoma polepole na kugeuzageuza mkono kwenye mwanga.

"Mwenye gari," akasema. "U."

Nikatabasamu na wenzangu. Namba za magari ya Uganda karibu zote zinaanza na U.

"A."

Mengi tu.

Akakiweka kiganja karibu na jicho. "S. Hii ni S au tano? S."

Kuna ubaridi unaoanzia kwenye magoti. Nilikuwa bado nimesimama, ndizi mkononi, bado natabasamu kwa kuwa uso ulikuwa haujapata habari. Nikasema moyoni, UAS ziko nyingi. Akasoma nambari ya kwanza. Akasoma ya pili. Zote tatu sitaziandika hapa, gari hilo bado nataka kuliuza. Ya tatu alipoifikia, dole gumba langu likakumbuka. Halikuniambia mimi, lilikumbuka lenyewe, likajikunja ndani ya ngumi kama mtoto aliyevunja kikombe.

Pakawa kimya. Mlio mwembamba uleule kule chini. Na kutoka benchi la mwisho, sauti ya mama mkwe wangu, ambaye miaka yote ya ndoa hii hajanisemesha moja kwa moja, na hata hapo hakunisemesha, alimwambia binti yake:

"Bambi, maskini. Si hiyo tuliyokuja nayo?"

Mzee wa gazeti alinitazama. Kisha akaitazama ndizi.

Kule chini ilikuwa kama nilivyotabiri, nukta kwa nukta. Rimoti nabonyeza, hakuna kitu. Funguo nazungusha, hata stata haikohoi. Gari lenyewe ni la gia za kujibadili, hilo halisukumwi likawaka hata mkusanye wilaya nzima. Na umeme ukiisha, mkono wa gia haubanduki kwenye P. Pembeni yake kuna kitundu kimefunikwa na kiplastiki. Unakibandua, unachomeka bisibisi bapa, unabonyeza huku umekanyaga breki, ndipo unauhamisha kwenda N, gia huru. Bisibisi? Ndeeba, kwenye mkoba, pamoja na kile kifunguo cha chuma. Nilitumia mpini wa kijiko cha uji cha mtoto. Nyuma yangu madereva wote niliowapisha kwa adabu walikuwa wanapiga honi.

Vijana kama kumi na wawili wakasukuma. Bila injini usukani ni mzito kama wa trekta, na breki unakanyaga mara mbili tatu tu, baada ya hapo pedali inageuka jiwe. Kwa hiyo niliwaomba twende polepole. Hapo ndipo penye ile picha ya kwenye video. Mama mkwe alikwishashuka kabla yetu, akafungua mwavuli, akawa anapita katikati ya njia na gauni lake la gomesi, mgongo umenyooka, hatazami nyuma, anajifanya hatufahamu. Sisi tuko nyuma yake kwa mwendo uleule, king'ora kinalia, vijana wanahema, watu wa Lutoboka wamesimama pande zote mbili. Wale wa mbali walidhani ni mgeni wa serikali na msafara wake. Mmoja alimpungia mkono. Naye alimpungia.

Yaliyofuata hayana utamu. Lori la kubebea matunda ya michikichi lilituazima umeme. Lori ni volti 24, kwa hiyo unachukua kwenye betri yake moja tu kati ya mbili, chanya kwa chanya, hasi kwenye chuma cha injini, la sivyo unachoma kila kitu. Likawaka. King'ora kikanyamaza. Tulilala siku mbili, watoto waliogelea, samaki wa ngege tulikula. Gari lilizunguka kisiwa chote, betri zote zikashiba, kubwa na ndogo.

Siku ya kurudi meli inaondoka saa mbili asubuhi. Baharia ni yuleyule. Hakunisalimu, alinyoosha tu kiganja. Nikampa rimoti, akaitia mfuko wa shati, akafunga kifungo. Mzee wa gazeti naye alikuwa anarudi, akasogea apate kuona vizuri.

Mama mkwe akamwambia binti yake, "Mwambie na betri aitoe kabisa."

Wazo zuri, nikasema. Nikaazima spana namba 10 kwa baharia, nikafungua boneti mbele ya foleni nzima, nikawaeleza waliosimama karibu kwamba siku zote unaanza na hasi. Nikalegeza nati. Nikainua waya.

Mnakumbuka nilivyowaambia kuhusu ile betri ndogo ya ndani. Mimi sikukumbuka.